Milimita Kumi na Moja

Ndege ilikuwa safi, na hilo peke yake lingetosha kumtia Mpima wasiwasi.

Miaka saba alimiliki theluthi ya ile ndege, na hata siku moja hakuwahi kuikuta safi. Theluthi ya pili ilikuwa ya kaka yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na ya tatu ya daktari wa meno aliyesoma na kaka yake tangu shule ya msingi. Ilikuwa ndege ndogo ya viti vinne na injini moja, nyeupe, yenye mstari wa bluu ubavuni. Walichanga wakainunua pamoja kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuinunua peke yake, na tangu siku hiyo Mpima aliona kwamba yeye anamiliki ndege na wenzake wawili wanamiliki uchafu wake.

Maganda ya karanga sakafuni yalikuwa ya kaka. Vikombe vya kahawa iliyogandia vilikuwa vya Daktari, na kuna siku, kwenye mfuko wa nyuma ya kiti, Mpima alikuta kikasha chenye meno ya bandia ya mgonjwa ambaye bila shaka alikuwa mahali fulani akinywa uji. Tangi tupu lilikuwa la wote wawili. Walikubaliana kwamba kila anayerudisha ndege aache tangi nusu, lakini kwa kaka yake, nusu ni pale mshale unapotikisika ukikigonga kioo chake kwa kidole. Gharama za banda, bima na ukaguzi wa mwaka waligawana sawa kwa sawa, na kila saa ya kuruka ilikuwa na kiasi chake cha kuweka kwenye mfuko wa injini, maana injini nayo huzeeka. Mpima alilipa chake siku hiyohiyo. Wenzake aliwafukuzia mpaka sauti ikamkauka.

Kazi yake ilikuwa kupima ardhi. Ndege ilimfikisha kwa saa moja kwenye mashamba ambayo kwa barabara angeyafikia kesho yake, mgongo ukiwa hautamaniki. Watu wote walimwita Mpima, hata marehemu mumewe alimwita hivyo akitaka kumtania, na jina lilimkaa kwa sababu hakuweza kuona kitu akakiacha bila kukipima. Siku waliponunua ndege, wenzake walipiga picha wameegemea bawa. Yeye alitoa utepe wake wa chuma akapima kila kitu, kuanzia upana wa mlango mpaka urefu wa kila panga la propela, akaandika vipimo vyote kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la safari. Walimcheka mpaka machozi yakawatoka.

Ijumaa hiyo alitoka kazini mapema akaja bandani kwa sababu moja tu. Kesho yake, saa tatu asubuhi, binti yake angeruka peke yake kwa mara ya kwanza, bila mwalimu kiti cha pembeni. Binti alikuwa na miaka ishirini, naye alikuwa mtoto wake wa pekee. Mwalimu wa urubani alishasema yuko tayari. Mpima alisema sawa, ila ndege ataikagua yeye, kwa mikono yake, kwa sababu alijua anagawana ndege hiyo na watu wa namna gani.

Na sasa kioo cha mbele kiling'aa. Zulia lilikuwa limepigwa brashi. Tangi lilikuwa limejaa, si nusu, limejaa pomoni. Kwa dakika tano hivi Mpima alifurahi kweli. Alifikiri labda wamemwonea huruma mtoto, wameona haya, wameamua kwa mara moja katika maisha yao kufanya kitu kama watu wazima. Alikaribia hata kumpigia kaka yake simu amwambie asante.

Kisha akazunguka mbele, akasimama.

Ncha za propela zilikuwa nyekundu. Siku zote zilikuwa nyekundu, lakini wekundu uliochakaa, wa kitu kilichopigwa na jua na mawe madogo kwa miaka. Huu ulikuwa wekundu mpya, ambao haujamaliza mwezi, na Mpima aliujua. Ulikuwa wekundu wa mageti. Nusu ya mageti ya mtaa wao yalipakwa rangi hiyo, na yote ilitoka kwenye rafu moja, dukani kwa kaka yake.

Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa panga. Palikuwa laini. Fundi angetumia tupa, na tupa, hata mkono wa fundi uwe hodari vipi, huacha mikwaruzo. Hapa palikuwa laini kama jino lililotoka kusafishwa.

Alipima panga la kwanza. Alipima la pili. Yalilingana kabisa. Mtu mwingine angeridhika hapo, akafunga mlango wa banda na kwenda nyumbani. Mpima alifungua daftari ukurasa wa kwanza, akaweka kucha chini ya tarakimu alizoandika miaka saba nyuma, akasoma, akapima tena, akasoma tena. Kila panga lilikuwa limepungua milimita kumi na moja, na chuma hakipungui kwa kuoshwa.

Akafunua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Ilikuwa desturi yao, kila anayetua huandika maneno mawili matatu ya hali ya ndege. Kaka yake hakuwahi kuandika maneno mawili matatu. Yeye aliandika habari ya upepo, ya mawingu, ya ng'ombe aliowaona, na safari moja aliandika nusu ukurasa kumsifia aliyemwuzia viatu. Lakini Jumapili ya wiki mbili zilizopita, mwandiko wake ulisema tu: "Nusu saa. Hali nzuri." Chini yake, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, binti yake alikuwa ameandika safari tatu na mwalimu.

Mpima aliona hasira ikimpanda, na hasira aliifahamu vizuri kuliko hofu. Alimwita fundi kutoka banda la jirani kwa sauti iliyorusha njiwa wote waliokuwa darini.

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Aliigusa propela, akafungua kifuniko cha injini, akamulika ndani kwa tochi muda mrefu.

"Hii imepiga chini," alisema.

"Una uhakika?"

"Ona mwenyewe, mama. Bati la nyuma ya injini lina mkunjo. Pua iliangukia ardhi, propela ikala lami."

"Kesho ingewaka?"

"Ingewaka."

"Ingeruka?"

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Ingeruka. Pengine ingeruka mwaka mzima. Pengine ingekatika kabla haijamaliza kiwanja. Propela ikigonga huku inazunguka, injini nzima inapata mshtuko. Mhimili wa ndani unaweza kupata ufa mwembamba kama unywele, na kwa nje huoni kitu. Lazima ifunguliwe yote. Na nikikwambia bei ya kuifungua, utakaa chini. Ni karibu nusu ya bei mliyonunulia ndege."

Mpima hakuisikia bei. Alikuwa bado amesimama kwenye yale maneno ya kabla haijamaliza kiwanja. Mwisho wa kiwanja palikuwa na uzio wa waya, na nyuma ya uzio mtaro wa mawe. Aliupima yeye mwenyewe huo mtaro, zamani.

"Funga mnyororo kwenye propela," alisema. "Weka kufuli. Ufunguo nipe mimi."

Alipokuwa akisubiri, macho yake yaliangukia karatasi iliyobandikwa ukutani mwa banda, imekuwa ya manjano kwa vumbi na moshi. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, zile anazoandikia ramani: ANAYEHARIBU ALIPE MWENYEWE. MGENI AKIHARIBU, ALIPE ALIYEMLETA. Chini yake sahihi tatu. Aliibandika yeye, miaka minne nyuma, na alipoitazama sasa alisema kwa sauti, "Sheria ipo! Wanajua kusoma!" Akachukua daftari, akalitia kwenye mkoba, akaondoka.

Zahanati ya meno ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Msichana wa mapokezi aliinuka kumzuia, akamwona uso, akaketi. Ndani, Daktari alikuwa amemwinamia mzee mmoja mnene, kinywa wazi, pamba imejaa shavuni.

"Dada, nina mgonjwa," alisema Daktari.

"Namwona. Naye atasikia. Propela umeisugua kwa nini?"

Mashine ndogo mkononi mwa Daktari ilizimika. Mabega yake yalipanda taratibu mpaka yakakaribia masikio.

"Kwa ile ya kung'arishia," alisema.

"Ya kung'arishia nini?"

"Meno ya bandia. Ina jiwe lake."

Mzee kwenye kiti alitoa macho.

"Nilisawazisha tu," Daktari aliharakisha. "Panga moja lilikuwa limeliwa kwenye ncha. Ukipunguza moja lazima upunguze na la pili, la sivyo inatikisika. Ni kama meno, ya juu na ya chini lazima yakubaliane." Na hapo, kwa sekunde moja, alionekana kujivunia kazi yake, jambo lililompandisha Mpima mori kuliko yote.

"Na ufa? Ufa wa ndani ya injini nao umeung'arisha?"

"Kaka yako alisema ni mkwaruzo."

"Kaka yangu anauza misumari! Wewe umesoma! Mtoto wangu ameruka nayo mara tatu, kesho anaruka peke yake, na nyinyi wanaume wawili mna mvi kichwani mmekaa kimya mnapaka rangi ya geti! Kwa nini hamkuniambia?"

Daktari alivua barakoa. Mpima alitegemea aombe radhi. Badala yake uso wa Daktari uliiva, na ilionekana naye alikuwa na yake aliyoyaweka kiporo.

"Kukuambia wewe? Mwaka ule niligusisha ncha ya bawa kwenye mlango wa banda. Sikusubiri mtu anikute, nilikuja kwako kwa miguu yangu, nikakwambia. Ulifanya nini? Uliniita kipofu mbele ya fundi na mbele ya wafagiaji. Jioni ukaandika sheria yako, ukanilipisha kwa kosa la asubuhi. Sheria ya jioni kwa kosa la asubuhi! Nikalipa. Tangu siku ile niliapa, huyu mama simwambii kitu hata bawa likiwa linawaka moto."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema."

Mzee kwenye kiti alinyoosha mkono kuomba kitu, labda maji, labda kuondoka.

"Na wewe mzee," Mpima alimgeukia, "hesabu meno yako kabla hujatoka hapa." Akateremka ngazi mbili mbili.

Njiani kwenda dukani kwa kaka yake alikuwa akiongea peke yake ndani ya gari. Alipanga ya kumwambia. Angeanza na mtoto, kisha aje kwenye rangi, kisha kwenye uongo wa "hali nzuri", amalizie na marehemu mama yao, ambaye siku zote alisema kaka ndiye mwenye akili. Kila sentensi aliinoa vizuri. Alipoegesha gari mbele ya duka, alikuwa bado anazinoa, na aliona afadhali ashike hasira kuliko kile kingine alichokuwa hataki kukitazama: binti yake amefunga mkanda, ametabasamu, anaelekea kwenye ule uzio.

Kaka yake alikuwa amesimama kati ya mifuko ya saruji na mabomba, anampimia mteja misumari. Alikuwa mrefu, mwenye kitambi cha heshima na kalamu nyuma ya sikio. Alimwona dada yake, akampa mteja misumari bila kuisoma mizani, akamwambia atalipa siku nyingine. Hilo nalo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Ni mimi," alisema, kabla Mpima hajafungua kinywa.

"Wewe nini?"

"Niligonga mimi. Jumapili ile. Nilitua vibaya, ikadunda, pua ikaanguka. Ni kosa langu. Daktari usimlaumu, nilimwomba."

Hotuba yote aliyoinoa Mpima ikakosa mahali pa kuchoma. Ilibidi atafute pengine.

"Na ukaacha mwanangu aruke nayo!"

"Mwanzoni nilifikiri ni mkwaruzo, mdogo wangu. Wallahi nilifikiri hivyo. Halafu kila siku nilisema leo namwambia, nikishika simu nakusikia unavyopiga kelele kabla sijabonyeza namba."

"Na kesho? Kesho ulikuwa umepanga nini?"

Kaka alitazama chini. "Ningekuja alfajiri nikachomoa betri."

"Betri."

"Isiwake. Wangeahirisha wiki moja."

"Na wiki ijayo?"

"Ningechomoa tena."

Mpima alimtazama huyu mtu aliyembeba mgongoni wakiwa watoto, aliyemfundisha kuendesha baiskeli, na akaona kwamba anasema kweli, na kwamba ukweli huo ni wa kipumbavu kuliko uongo wowote ambao angeweza kuutunga. Hapo ndipo alipopasuka. Alisema yote. Alisema ya karanga, ya tangi, ya mfuko wa injini, ya viti vya arusi yake ambavyo kaka aliahidi kuleta akaleta nusu. Wapakiaji wa saruji waliacha kazi. Mtu mmoja upande wa pili wa barabara alisogeza kiti chake apate kusikia vizuri. Mpima alimwita kaka yake mwuaji, na neno lilipotoka alilisikia, lakini hakulirudisha.

"Sheria unaijua," alimaliza. "Anayeharibu analipa mwenyewe. Huna hela hiyo, na mimi najua huna. Uza theluthi yako."

"Sawa," kaka yake alisema.

"Nimesema uza!"

"Nimesikia, dada. Sawa. Nitauza."

Huyu ndiye mtu aliyewahi kugombana naye siku tatu nzima kuhusu nani alipe ufagio wa banda. Leo, sawa. Alisimama tu pale, mabega yamepanda mpaka masikioni kama ya Daktari, akisubiri dada yake amalize. Mpima alirudi kwenye gari na ushindi wake, na ulikuwa hauna ladha yoyote.

Nyumbani, binti yake alikuwa sebuleni, anapiga pasi shati jeupe la kesho. Alikuwa amelitandaza kwenye meza kwa uangalifu, kola kwanza, kisha mabega. Redio ilikuwa inaimba kwa sauti ya chini. Mpima alisimama mlangoni, mkoba bado begani.

"Zima pasi," alisema. "Kesho huruki."

Alitegemea maswali. Alitegemea machozi, au ule mlango wa chumbani kubamizwa. Binti yake alizima pasi, akaisimamisha, akazima na redio.

"Umemfanya nini mjomba?" aliuliza.

"Nimemfanya nini mjomba? Unaniuliza mimi nimemfanya nini yeye? Mjomba wako amepigiza propela chini, amejaza rangi juu yake, amekaa kimya wiki mbili wewe ukiruka na injini ambayo ingeweza kukukatikia hewani, halafu unaniuliza..." Jambo moja lilikuwa limemfikia, likiwa limechelewa njiani. "Nani kakwambia habari ya mjomba?"

Binti alilikunja shati, ingawa upande mmoja ulikuwa bado na mikunjo.

"Anasema ni yeye?"

"Amekiri. Anauza theluthi yake."

"Mama, mjomba hakuwa ameshika. Nilishika mimi."

Mpima aliuteremsha mkoba kutoka begani.

"Jumapili ile nilikuaga naenda kumsaidia dukani kuhesabu mali. Tulihesabu, tukamaliza mapema, akasema twende tukaruke nusu saa, nijizoeze kutua. Ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili nilikuja kwa kasi. Ikadunda, nikaisukuma chini, ikadunda tena, pua ikaanguka. Nilisikia tak, tak, tak. Mjomba akainyakua akaisimamisha. Tulikaa pale kiwanjani hata sijui muda gani. Akaniambia usimwambie mama yako, nitasema mimi, nitasema nilikuwa mimi. Kila siku alikuwa anasema atasema."

"Na wewe umefanya safari tatu na mwalimu baada ya hapo. Ukijua."

"Mbili za kwanza sikujua kama ni kitu kikubwa. Halafu nikasoma kwenye kitabu cha masomo. Propela ikigonga, injini inafunguliwa. Imeandikwa."

"Umesoma lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu," Mpima alirudia. "Leo Ijumaa. Umesoma Jumatatu kwamba injini inaweza kukatika. Jumanne umeruka nayo na mwalimu wa watu. Na kesho?"

"Kesho ningeruka."

"Peke yako."

"Ndiyo."

"Ukijua!"

"Nikijua." Binti hakuwa analia. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu aliyekwisha kulifikiria jambo akaliamua. "Nilifikiri pengine haina ufa. Nilifikiri hata ikiwa nao, pengine siyo kesho. Lakini nikikwambia, hiyo haina pengine. Niliona afadhali niruke."

Kelele ilikuwa tayari kooni mwa Mpima. Ilikuwa imepanda yote, kubwa kuliko ya zahanati, kubwa kuliko ya dukani, na alikuwa na haki nayo, kila sentimita yake. Alifungua kinywa. Na hapo akaona mabega ya mtoto wake yakipanda, taratibu, mpaka masikioni. Macho yake yamefumbwa nusu. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Mara ya tatu siku hiyo. Mabega yaleyale ya Daktari, mabega yaleyale ya kaka. Na haya yalijifunza lini? Mpima alijaribu kukumbuka, akaona hakumbuki siku ambayo hayakuwa hivyo.

Alifunga kinywa. Hasira haikuondoka, asije mtu akadhani iliondoka. Alikuwa amekasirika mpaka masikio yanamvuma. Alimkasirikia mtoto kwa kumfikiria hivyo, akamkasirikia kaka kwa kumjua, akajikasirikia mwenyewe kwa namna ambayo hakuwa na maneno nayo bado, yeye ambaye hajawahi kukosa maneno. Alivuta kiti, akaketi. Meza ilikuwa bado na joto la pasi.

"Nimekasirika," alisema, chini kwa chini.

"Najua."

"Hujui. Nimekasirika kuliko unavyojua. Lakini uko hapa. Umesimama sakafuni. Basi."

Simu ililia mkobani. Ilikuwa kaka. Mpima aliitazama ikilia, kisha akapokea.

"Ameshaniambia," alisema, kabla kaka hajatoa salamu. "Kesho saa tatu njoo bandani. Mlete na Daktari wako."

"Tunakuja kugombana?" kaka aliuliza.

"Kugombana kupo. Na mwalimu atakuwepo, lazima aambiwe alichorushwa nacho. Habari ya kuuza theluthi usiniletee." Alikata kabla kaka hajaanza kushukuru, maana hilo lisingevumilika.

Alitoa daftari mkobani, akalifungua mezani karibu na shati, pale kwenye ukurasa wa mwisho. Akatafuta kalamu, akamsukumia binti yake.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Kilichotokea. Kama desturi."

Binti aliketi. Mabega yalikuwa bado juu. Aliandika tarehe ya Jumapili ile, akaandika taratibu, kwa ule mwandiko mdogo ulionyooka, ambao leo haukunyooka. Aliandika kasi, kudunda, pua, propela. Alipofika mwisho wa mstari alisimama. Pembeni mwa ukurasa, kwenye kila safari yenye uharibifu, palikuwa na nafasi ya kuandika nani atalipa. Mama yake ndiye aliyeichora, kwa rula, miaka minne nyuma, katika kila ukurasa mpaka wa mwisho.

"Hapa niandike nani?"

Mpima aliitazama ile nafasi. Ilikuwa na upana wa sentimita tatu kamili.

"Hapo paache wazi," alisema. "Wewe maliza kuandika."

Akalishika daftari kwa mkono, lisiteleze, mpaka mtoto alipomaliza.